Chumba Kilizunguka

11 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na amenituma nikwambie kwamba goti lake limeanza tena kutabiri mvua. Mpaka leo limekosea mara mbili. Paa la jikoni tumeliziba. Mlango wa uani unakwama vilevile, na kila anayeusukuma lazima akuseme wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeahidi utautengeneza ukija, na huu ni mwaka wa tatu hujaja.

Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina raha. Nilishakwambia kwamba nimepata kazi kwenye ofisi ya kutengeneza kamusi. Tumekaa wanne kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka, kila mmoja na sanduku lake la kadi. Kila neno lina kadi yake: juu neno lenyewe, katikati maana, chini sentensi ya mfano. Mimi nimepewa herufi Z. Niliichekea, nikadhani ni herufi fupi nitaimaliza mapema. Tangu wiki ya pili ya Januari nimekwama kwenye neno moja, zunguka.

Niliandika, "enda kwa duara." Mhariri wetu mkuu ni mzee wa kalamu nyekundu, na sisi kwa siri tunamwita Bwana Futa. Akaandika pembeni, "Duara ni nini?" Nikaenda kwenye sanduku la herufi D, nikakuta mwenzangu ameandika kwamba duara ni mstari unaozunguka. Nikarudi mezani kwangu nikakaa na njaa yangu. Nimeshaandika mara nne, na mara nne kadi imerudi imechorwa kama daftari la mtoto.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Una miaka thelathini na moja mbele ya mashine ya kukereza vyuma, na kama wewe hujui kuzunguka ni nini, basi hakuna anayejua. Naomba uniandikie unavyolitumia hilo neno hapo karakana, na sentensi kama kumi hivi. Sharti ni moja na Bwana Futa halilegezi: kila mfano uwe umesemwa kweli, au jambo lenyewe limetokea kweli. Sentensi ya kutunga anainusa kuanzia mlangoni.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza umekula nini ukanijibu, "Na wewe pia." Kwa hiyo tuandikiane.

Mpwa wako,
Maswali


2 Machi

Maswali,

Marahaba. Mwambie mama yako goti halitabiri, linazeeka. Mlango nitakuja kuutengeneza. Msiusukume kwa bega kama mnaingia vitani. Unyanyueni kidogo kwanza, halafu sukumeni.

Mimi nipo, karakana ipo. Simu nimempa fundi cherehani wa mlango wa pili, mama mmoja asiyejua kumung'unya maneno. Mteja akipiga, yeye anakuja kuniandikia kwa chaki kwenye ubao. Masikio yangu yameliwa na chuma, unajua, wala sioni hasara. Watu wengi hawana la maana la kusema.

Sasa hilo neno lako. Nimesoma "enda kwa duara" nikacheka peke yangu mpaka mteja aliyekuwa amesimama hapo akajikagua suruali. Chuma changu hakiendi popote, mpwa wangu. Kingekuwa kinakwenda ningekuwa nakifukuza barabarani. Kimeshikwa na kibano upande huu, kimetegemezwa upande ule, na kinazunguka palepale kilipo. Hilo ndilo mnalosahau nyie mliokaa kwenye viti.

Na si kila kinachozunguka kinazunguka sawa. Nikifunga shafti mpya, ile fimbo nene ya chuma, siyaamini macho yangu. Nachukua kipande cha chaki, nakisogeza polepole mpaka kiguse. Shafti ikiwa imekaa sawa, chaki inachora pete nzima. Ikiwa imekaa upande, chaki inagusa mgongo mmoja tu na kuacha alama fupi kama ukucha. Hapo nagonga kidogo kwa nyundo ya mbao, najaribu tena. Kuna mafundi wanaona aibu kutumia chaki. Kazi zao huwa zinarudi.

Kama mashine inazunguka au imesimama, hilo nalijua kwa nyayo. Sakafu inatetemeka kidogo, inaniambia. Masikio sikuyahitaji hata nilipokuwa nayo.

Sentensi zako hizi hapa. Zote za kweli:

Shafti haizunguki sawa, irudishe. Nilimwambia mteja.

Pampu inazunguka lakini haivuti maji. Aliniambia mteja huyohuyo.

Usivae mikono mirefu mbele ya kitu kinachozunguka. Nimeiandika mwenyewe ukutani, herufi kubwa.

Tumezunguka mji mzima tunatafuta boliti moja.

Unazungukazunguka tu, sema kazi itakwisha lini. Niliambiwa mimi, na alikuwa na haki.

Jumanne chumba kilizunguka nikashika meza.

Feni haizunguki, umeme umekatika.

Saba hizo. Kumi sina, nina kazi.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Mama amefurahi kuona mwandiko wako, akasema bado unaandika kama mtu anayegombana na karatasi. Mlango tumeunyanyua, umegoma. Anauliza kama unakula vizuri, na nani anakupikia. Nijibu, maana nisipokuwa na jibu nitaulizwa tena kesho na keshokutwa.

Sentensi zako zimetikisa ofisi. Mwenzangu wa herufi D amezinakili zote. Bwana Futa alizisoma amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaona meno yake. Ile ya boliti amesema ni mfano safi kabisa. Lakini yeye ni yeye, hakosi cha kufuta. Ile ya sita ameizungushia wino mwekundu, akaandika, "Chumba hakizunguki." Nikaona ana hoja, nikairekebisha kidogo. Sasa inasomeka, "Alihisi kama chumba kinazunguka." Imekaa vizuri zaidi, na anaipenda kuliko zote.

Nilizileta kadi nyumbani nizinakili upya. Mama alikuwa anapanga sahani, akaichukua hiyo ya sita, ile ya kwako kabla sijaigusa, akakaa nayo. Akaniuliza, "Chumba gani hiki?" Nikamwambia si chumba chochote, ni mfano wa kamusi tu. Akairudisha mezani, akaendelea na sahani zake.

Maana yenyewe bado inanitoa jasho. Niliandika ulivyosema, kwamba kinachozunguka hakiondoki kilipo. Bwana Futa akanirudishia, "Na mtu anayezunguka nyumba?" Huyo si anatembea kwa miguu yake, Mjomba? Si anaondoka? Na pipa likishuka mtelemko, hilo linazunguka au linaviringika? Kichwa kinaniuma. Kila nikishika neno moja, linakuja na ndugu zake wote kudai haki zao. Niandikie haraka.

Maswali


14 Aprili

Maswali,

Marahaba. Barua yako imekaa hapa juu ya kabati wiki mbili naiangalia tu. Nilikuwa naisubiri hasira yangu ipoe, haikupoa, kwa hiyo naandika nayo hivyohivyo.

Ulisema unataka mambo ya kweli. Nimekupa la kweli, mmelipaka rangi. Alihisi kama. Nani alihisi? Ulikuwepo? Mtu aliyeshika meza kwa mikono miwili asianguke hasemi alihisi kama. Anasema kimezunguka. Mwambie huyo Bwana Futa aje asimame pale nilipokuwa nimesimama, ndipo aniambie chumba hakizunguki.

Pipa linaviringika, kwa sababu linahama. Likifika chini hulikuti ulipoliacha. Mtu anayezunguka nyumba anatembea, sawa, lakini nyumba imesimama, na yeye hatoki kwenye nyumba. Ingekuwa nyumba nayo inatembea, usingesema anaizunguka, ungesema wamepotea wote wawili. Andika hivi: popote penye kuzunguka, pana kitu kimesimama. Kwangu ni katikati ya shafti, kwa huyo mtu wenu ni nyumba. Ukikiondoa hicho kilichosimama, huwezi kujua kinachozunguka ni nini. Hata wewe mwenyewe unaweza kuwa ndiye. Huu si utani, nimelifikiria sana.

Habari za hapa ni mbaya. Mchomeleaji wa jirani ameleta jenereta la dizeli kubwa kama ng'ombe, akaliegemeza ukutani kwangu. Linanguruma kutwa, naambiwa. Mimi kelele zake sizisikii, ila sakafu yote inatetemeka kutoka asubuhi hadi jioni, na nyayo zangu sasa hazijui lolote. Nimemfuata mara tatu. Anatikisa kichwa, anasogeza midomo, basi.

Kwa hiyo nimechora mstari mmoja mnene wa chaki kwenye kibano cha mashine. Nikiuona mstari, najua mashine imesimama. Mstari ukipotea, ukawa ukungu mweupe, najua inazunguka. Ni njia nzuri na haihitaji masikio wala nyayo. Ubaya wake ni kwamba siku nyingine mstari unapotea na mashine nimeizima kwa mkono wangu. Basi nakaa kwenye kiti, nafumba macho, nasubiri. Baadaye unarudi.

Sentensi yako ya nane: Leo kibano kimezunguka mashine ikiwa imezimwa.

Nakula. Najipikia. Mama yako msimsumbue na makadi yenu.

Mjomba wako


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi, naandika nikiwa na kalamu nyingine sikioni. Mama mzima, goti limetulia.

Maana uliyonipa imemfanya Bwana Futa aweke kalamu chini siku mbili nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tumekaa nayo, tumeigeuza, tunakaribia. Lakini ya nane amenirudishia na alama tatu za kuuliza. Anasema mashine iliyozimwa haizunguki, labda iwe inamalizia mwendo wake, na kama ndivyo niseme hivyo. Mjomba, uliikusudia hiyo, inamalizia mwendo? Ukinikubalia naiandika, "Kibano kiliendelea kuzunguka kidogo baada ya mashine kuzimwa," na mambo yanakwisha. Kama siyo, nitafutie nyingine isiyopingana yenyewe kwa yenyewe.

Nakusumbua najua. Tumepewa hadi mwisho wa Juni. Asiyemaliza herufi yake, sanduku lake linakwenda kwa mwingine, na mimi miezi yote hii nitakuwa nimetwanga maji kwenye kinu. Sijawahi kuchukia neno kama ninavyolichukia hili. Naliona hata kwenye kijiko nikikoroga chai.

Nilitaka kusahau: Mjomba, u mzima lakini?

Maswali


20 Mei

Maswali,

Marahaba. Mzima.

Ya nane haimalizii mwendo. Ni kama nilivyoiandika. Ikiwa haifai, itupeni. Nyingine sina, na msinitungie.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na keti chini kabla hujasoma. Imepita. Jana saa tano asubuhi Bwana Futa aliisaini kadi ya zunguka bila kuongeza hata nukta, akainuka, akanipa mkono mbele ya wenzangu. Mwenzangu wa D alipiga meza mpaka kadi zake zikaanguka.

Inasomeka hivi: "Zunguka: enda kwa kupita pande zote za kitu au mahali palipotulia." Hapo palipotulia ni pako. Nilipigana nalo wiki tatu, watu walitaka lifutwe. Nililishikilia kama wewe unavyoshikilia chaki yako.

Mfano mmoja tu ndio uliopata nafasi, kurasa ni chache. Amechagua ile ya sita, ile niliyoirekebisha: "Alihisi kama chumba kinazunguka." Najua hukuipenda. Lakini ni yako, Mjomba, itasomwa na watoto wa shule ambao hatutawajua kamwe. Nimekuwekea nakala ya kadi humu ndani. Ibandike ukutani karibu na ile ya mikono mirefu.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama hati ya polisi. Nimeiona hasira yako, nimeipokea. Sasa kazi imekwisha, tunaweza kurudi kuandikiana kama watu. Niambie habari za jenereta.

Maswali


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Karibu mwezi sasa sijapata neno lako. Nimepiga ile namba ya fundi cherehani, inaita mpaka inachoka. Mama ameuliza leo asubuhi, nikasema umenuna kwa sababu ya sentensi.

Kama umenuna, niandikie kwamba umenuna. Nimejaribu kuomba radhi, na nitaomba tena, lakini siwezi kumwomba radhi mtu aliyenyamaza. Unanifanya niongee peke yangu kama wewe na wateja wako. Kweli sentensi moja inakufanya unikate hivi? Ni maneno, Mjomba, si chuma.

Tuma hata karatasi tupu, nijue umeishika.

Maswali


21 Julai

Maswali,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu. Ni wa fundi cherehani, amekaa mbele yangu na daftari lake la vipimo vya watu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema bila kunirekebisha. Amenijibu kwa kuandika hapa pembeni nisome: yeye si mtu wa kamusi. Simu yako ililia dukani kwake, yeye akiwa hospitalini na mimi.

Ilikuwa tarehe kumi na moja Juni, asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kukereza shafti ya pampu. Nikaangalia kibano, mstari wa chaki sikuuona. Sakafu ilikuwa inatetemeka, lakini hiyo siku hizi inatetemeka hata kama nimefunga karakana. Kichwa kilikuwa kizito tangu nilipoamka. Nikajiambia, mashine umeizima, hicho ni kichwa chako tena, subiri. Nikafumba macho, nikahesabu mpaka mia. Nikafumbua, mstari bado haupo. Nikahesabu tena. Nilikuwa nimechoka kusubiri, unanielewa? Tangu mwanzo wa mwaka naona vitu vilivyosimama vinazunguka, na kila mara najiambia hakuna kinachozunguka, na kila mara naona nilikuwa na haki. Nikanyoosha mkono nitoe chuma.

Ilikuwa inazunguka.

Kidole cha kati na cha pete vimekwenda. Cha shahada kimebaki nusu. Ni mkono wa kulia. Mikono ya shati nilikuwa nimeikunja mpaka juu ya kiwiko, kama nilivyoandika ukutani. Daktari anasema ingekuwa mirefu, mkono mzima ungefuata. Kwa hiyo ile ya tatu ilikuwa sentensi nzuri.

Daktari huyo ndiye aliyeniambia ugonjwa wenyewe. Umo ndani kabisa ya sikio, pale panapomwambia mtu kwamba yuko wima. Ndio huohuo uliokuwa unamaliza kusikia kwangu. Nilikuwa nalisingizia chuma bure. Ananipa vidonge, vinasaidia kiasi. Kwenye mashine ya kuzunguka sirudi, amesema, na ameandika, ili nisijifanye sikusikia.

Kadi yako ilifika siku ya tatu nikiwa kitandani. Fundi cherehani akaninyooshea nisome. Nilikasirika kuliko nilivyovikasirikia vidole. Sasa imepoa, naweza kusema.

Sikuweza kukuandikia kwamba naumwa. Ningeandika hivyo, mama yako angepanda basi siku hiyohiyo, angenifungasha na kunileta kwenye chumba chenu cha uani, nikapangiwe saa ya kulala. Na wateja wangesema fundi amekwisha, kwa sababu ndivyo wanavyosema. Niliogopa. Mtu wa miaka sitini na mbili, naogopa dada yangu na naogopa kukaa bila kazi. Lakini wewe ulisema unataka za kweli. Nikaona, basi hapo kwenye sentensi naweza kuliweka jambo langu. Nikaliweka mara mbili. Ya kwanza mkaipaka rangi, ya pili mkairudisha na alama tatu.

Tunakuita Maswali tangu una miaka mitatu, kwa sababu ulikuwa humwachi mtu anywe maji bila kumuuliza ni ya nini. Umeniuliza pipa. Umeniuliza nyumba. Umeniuliza kama kibano kilikuwa kinamalizia mwendo.

Fundi cherehani ameweka kalamu chini, anasema nisikuumize. Nimemwambia achukue kalamu.

Lile swali moja, kama mimi mzima, uliliuliza, najua. Nami nilikujibu mzima. Hapo nilidanganya, kosa ni langu, sikulaumu kwa hilo. Nakwambia tu ujue.

Sasa nafundishwa kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Karakana imefungwa. Jenereta bado linatetemesha sakafu, kitanda changu huku nyuma ya karakana kinasogea chenyewe.

Mjomba wako


27 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea posta, nimesimama kwenye foleni ya watu wanaotuma vifurushi, wakawa wananipita mmoja mmoja. Nimeisoma tena nyumbani, kwa sauti, kwa sababu Mama aliniamuru. Nilipofika kwenye vidole aliinuka akaenda uani. Akarudi, akaniambia nianze upya tangu mwanzo. Kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Umesema hunilaumu kwa lile swali. Nilaumu. Ile ya sita naweza kujitetea, nilikuwa mjinga tu, nimezama kwenye kadi. Mama aliisoma mara moja akauliza chumba gani, mimi niliyeajiriwa kusoma nikamjibu ni mfano. Lakini ya nane nilijua. Si kwa hakika, ila nilijua. Niliisoma mara tatu. Kisha nikafikiria mwisho wa Juni, na sanduku langu, na safari ya siku mbili kuja huko. Ndiyo maana swali nililiweka chini kabisa, mstari mmoja, baada ya kijiko na chai. Niliuliza namna ambayo ungejibu kwa neno moja. Ukajibu kwa neno moja, nami nikafurahi, nikarudi kazini. Hilo ndilo sikuandika kwenye barua yoyote. Naliandika sasa.

Jana nilikwenda kwa Bwana Futa na kadi yako ya kwanza, ile yenye mwandiko wako. Nikamwomba aondoe alihisi kama na kurudisha sentensi ilivyokuwa. Akaniambia kurasa za Z zimeshapigwa chapa. Nikamwambia, "Aliyeisema alikuwa anaomba msaada." Akaichukua kadi, akavua miwani, akaisogeza karibu na macho, akaisoma muda mrefu kuliko urefu wake. Hakuna aliloweza kufanya. Kamusi itatoka na uongo wangu ndani, itakaa kwenye rafu za shule, na kila nitakayemkuta ameifungua nitataka kumfungia. Amenipa ruhusa ya wiki tatu, bila mimi kuiomba. Kadi yako akanirudishia mkononi. Wino wake mwekundu alikuwa ameukatakata kwa kalamu nyeusi, akabakisha maneno yako tu.

Tunakuja Ijumaa, mimi na Mama, goti na yote. Hatuji kukufungasha. Mama anaapa, na mimi nimemwapisha mara ya pili. Tutakaa huko. Nitakwenda kwa huyo mchomeleaji, nitamuuliza jenereta lake ni la nini, na linakaa hapo kwa nini, na linaondoka lini, na sitamwacha anywe maji mpaka anijibu. Ukitaka kuniambia namna chumba kilivyozunguka, nitakaa nisikilize, sitaandika popote.

Mlango wa uani nimeunyanyua leo kama ulivyosema, taratibu, bila bega. Umefunguka.

Tutafika kama saa nane mchana. Najua tukibisha hodi hutasikia. Mwambie fundi cherehani akuachie mlango wazi.

Mpwa wako